Chapa iliyobandikwa manyoya na vumbi la kumeremeta, bado ni chapa? Uzi mrefu, kaa na chai yako

wino_mweusi:
Wakuu salaam. Hii kitu iko kichwani kwangu kama wiki mbili sasa naona bora niitue hapa maana nyumbani nimeongea mpaka nikiingia sebuleni watu wanaongeza sauti ya tivii. Mi kazi yangu ni usanifu kwenye kiwanda cha uchapaji, vitabu, kalenda, vipeperushi vya mahafali, asubuhi mpaka jioni ni pleti (yale mabamba ya kuchapia) na wino na karatasi iliyokwama. Neno chapa kwangu ni ugali, sikutegemea linisumbue.

Sasa kuna kazi ya Wangechi Mutu ya mwaka 2006, wengi mnamjua, Mkenya, kazaliwa Nairobi 1972, akasoma Wales, baadae New York pale Cooper Union, akamalizia Yale. Wengine mtamkumbuka kwa yale masanamu manne ya shaba ya wanawake waliokaa yaliyowekwa mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York 2019. Kwenye uzi huu sahau masanamu. Nazungumzia karatasi. Inaitwa Histology of the Different Classes of Uterine Tumors, yaani ni kichwa cha habari cha kitabu cha madaktari kabisa, kuhusu aina za uvimbe wa kizazi. Ni seti ya chapa 12, kila moja inakaribia A2, nakala 25 tu.

Ilivyotengenezwa ndo kwenye utamu. Alianza na kurasa za zamani za vitabu vya tiba vya karne ya 19, zile zenye mchoro wa mji wa mimba umekatwa katikati na maandishi madogo chini yanayotaja ugonjwa. Juu ya hiyo kurasa akabandika vipande vya magazeti, midomo mikubwa, jicho moja huku jicho lingine kule, vipande vya ngozi, akaweka manyoya, akamwaga lile vumbi la kumeremeta tunaloliona kwenye kadi za krismasi. Ukirudi nyuma hatua mbili hauoni tena kizazi, unaona uso wa mwanamke anakutazama, ukisogea karibu unaona pua yake ni kiungo kutoka kwenye mchoro wa daktari. Zile kurasa za kwanza ni kolaji, ziko za aina moja tu duniani na ziliingia kwenye mkusanyo wa Saatchi, yule mnunuzi mkubwa wa sanaa kule London. Halafu 2006 akazigeuza kuwa chapa, yaani zikachapwa kidijitali KISHA zikarudi mezani zikabandikwa vitu tena kwa mkono.

Swali langu kwenu: hiyo ni chapa? Na kama siyo chapa ni nini? Msinijibu haraka.

Kiti_cha_mbele:
Naweka kiti hapa

skrini_kkoo:
Mkuu nimesoma yote. Mi ni fundi wa skrini, ule wavu unaopitisha wino kwenye kitambaa, mwaka wa 14 huu, fulana, bendera, mifuko, kofia za kampeni, nimeunguza macho kwa taa ya kuchomea skrini na nimekula emalshen, ile dawa ya kupaka skrini, mpaka kucha zimebadilika rangi. Sasa nakwambia bila kukuficha, hiyo siyo chapa. Hiyo ni fotokopi iliyopambwa. Chapa lazima iwe na kitu kimelala chini kinachobeba picha, iwe ubao, iwe jiwe, iwe pleti, iwe skrini. Unakipaka wino, unakandamiza, picha inahama. Mashine ya kidijitali inarusha matone kutoka hewani, haigusi hata karatasi. Hapo nani kachapa?

Alafu tusidanganyane kwenye biashara. Ukikata ubao ukachapa nakala 25 ubao unachoka, na wale wa zamani wakimaliza walikuwa wanaukwangua msalaba katikati ili asije mjanja akachapa ya 26. Faili la kompyuta unalikwangua vipi? Unadiliti, kumbe liko kwenye imeili, liko kwenye flashi, liko kwa kijana aliyekusaidia kuskani. Nakala 25 ni ahadi ya mdomo tu.

wino_mweusi:
Skrini hii ndo hoja niliyokuwa naisubiri na nilijua italetwa na mtu wa Kariakoo 😂

Kwanza hilo la matone. Wenzetu lilishawauma zamani. Miaka ya tisini mwanzoni kule California walikuwa wanachapa picha za wasanii kwa mashine kubwa za wino wa kurusha, na walijua ukisema "imetoka kwenye printa ya kompyuta" hakuna mnunuzi atakayebaki dukani. 1991 jamaa mmoja anaitwa Jack Duganne akatafuta neno la Kifaransa la kurusha maji, akaliita giclée, likapendeza, bei ikapanda. Kwa hiyo wasiwasi wako una miaka zaidi ya 30 na ulitibiwa kwa jina zuri badala ya jibu. Hapo niko na wewe.

Ila la nakala ya 26 hebu rudi uitazame tena hiyo kazi. Faili unaweza kulichapa mara elfu, kweli. Manyoya je? Manyoya hayako kwenye faili. Vumbi la kumeremeta haliko kwenye faili, ukiliskani linatoka kijivu kama majivu ya sigara, wewe unajua rangi za kung'aa zinavyotutesa. Kwa hiyo mjanja akiiba faili atapata karatasi bapa yenye kivuli cha kazi. Ile mikono iliyobandika ndo msalaba wako uliokwangua ubao. Manyoya ndo kufuli.

Na piga hesabu, 12 mara 25 ni karatasi 300. Sisi tunachapa ili TUSIRUDIE kazi, ndo maana ya chapa toka enzi, unachonga mara moja unapumzika. Huyu kachukua mashine inayomaliza kazi kwa dakika kisha akarudisha kazi ya mkono kwenye kila karatasi. Kageuza chapa kinyumenyume.

Mzaramo_wa_Ilala:
Uzi bila picha ni kama pilau bila kachumbari

wino_mweusi:
@Mzaramo picha zina haki miliki mkuu, andika jina la kazi gugo utaziona zote 12. Ila usifungue ukiwa kwenye daladala, jirani atakuuliza maswali.

nesi_wa_zamu:
Nimefungua nikiwa kwenye daladala 😅 mama pembeni kauliza "hilo ni jini?"

Jamani nyie mnabishania mashine mi naomba niseme kitu kingine maana nimesoma majina ya hizo chapa 12 moja moja na nimekaa kimya. Karibu kila moja imepewa jina la ugonjwa ulioandikwa kwenye kurasa. Kuna mimba iliyotunga nje ya kizazi. Kuna uvimbe, hizi fibroidi tunazoziona kila kliniki. Kuna kizazi kilichoshuka kabisa. Kuna vidonda vya kaswende kwenye mlango wa kizazi, saratani, vivimbe vya ovari. Hizo ndo kazi zangu za kila siku kwa miaka tisa, wodi ya akina mama.

Ile michoro ya zamani naijua, chuoni tulikuwa na vitabu vyenye michoro ya ukoo huo huo. Kiungo kimekatwa, kimeelea kwenye karatasi nyeupe, mishale, namba. Hakuna mtu. Hakuna kichwa. Na sisi mpaka leo tunaongea hivyohivyo, "fibroidi ya kitanda cha sita amekunywa dawa?" Kitanda cha sita ana jina na ana watoto watatu na mume ambaye hajaja toka Jumanne. Sasa huyu dada kachukua kile kiungo akakipa macho. Kinakutazama. Mimi nilipoona ile yenye midomo mikubwa nilihisi kama mgonjwa kanigeukia.

Sijui kama ni chapa au siyo chapa. Ila siwezi kuivua machoni.

skrini_kkoo:
Pole na kazi dada nesi. Hapo sina neno.

baba_K_Nakuru:
Watu wa Bongo salimieni. Mimi niko Nakuru, na nafurahi mmemtaja huyu dada wetu. Lakini mkitaka ile ya kukoroga akili kabisa msiishie hiyo ya 2006, tafuteni ya 2012, The Original Nine Daughters. Hiyo ni chapa tisa na ndani yake ametia kila kitu kwa sufuria moja, echingi iko (ile ya pleti ya chuma iliyochimbwa kwa asidi), chapa ya kuchonga iko, herufi za kupanga kwa mkono ziko, dijitali iko, kolaji iko, rangi ya kupaka kwa brashi iko. Skrini huwezi kusema hakuna pleti, pleti ziko hapo.

Na hiyo tisa si namba ya kuokota. Kwetu Wakikuyu, Gikuyu na Mumbi, baba na mama wetu wa kwanza, walikuwa na mabinti, akina Wanjiru, Wambui, Wanjiku, Nyambura na wenzao, na ukoo zetu zinatoka kwa hao wanawake. Tunasema tisa, lakini ukiwahesabu vizuri wako kumi. Wazee husema kenda muiyuru, tisa iliyojaa, juu kuhesabu watu kwa namba kamili ni mwiko, unawaitia mabaya. Sasa fikiria msanii wa nyumba hiyo anafanya chapa, na chapa ni sanaa inayotaka uandike namba chini ya kila moja, ya kwanza kati ya ngapi, ya pili kati ya ngapi. Mimi huwa nacheka peke yangu nikifikiria hivyo. Cucu yangu, bibi yangu, angekataa kuweka sahihi.

wino_mweusi:
Baba K umenimaliza. Sikuwahi kuiona hiyo ya kuhesabu. Asante sana.

Mlinzi_wa_Desturi:
Naomba nipinge. Kwa nini kila kitu cha Magharibi tukipokee? Manyoya na uchafu kwenye karatasi mnaita sanaa, Mmakonde anachonga mpingo miezi sita mnamwita fundi wa sanamu za watalii.

wino_mweusi:
Mkuu la Mmakonde nakubali asilimia mia, ni dhambi yetu na ianzishiwe uzi wake. Ila la Magharibi naomba uangalie ndani ya kabati la mama yako. Kanga ni nini kama siyo chapa? Pindo, mji, jina. Ile alama ya K.H.E. Mali ya Abdulla ya Mombasa hamjawahi kuiona kwenye doti? Sisi tumeishi ndani ya chapa zaidi ya miaka mia, tumezaliwa tukafungwa ndani yake na tukifa tunafunikwa nayo, na hatujawahi kuandika namba 1 kati ya 25 kwenye doti. Pengine ndo maana hatuzioni kama sanaa, kwa sababu ziko nyingi na zinafuliwa.

Na hata hizi za karatasi siyo ngeni hapa. Nyumba ya Sanaa pale Dar ilianza 1972 na vijana walikuwa wanachapa pale echingi na mbao na lino (lile tandiko laini linalochongeka), Robino Ntila na wenzake, kazi zao zipo. Kampala kuna Fred Mutebi, anachonga ubao mmoja, anachapa rangi ya kwanza, anarudi anachonga ubao uleule tena, anachapa rangi ya pili juu yake, anaendelea mpaka ubao unakaribia kuisha. Hakuna kurudi nyuma. Ukikosea rangi ya nne umepoteza zote. Huyohuyo kahangaika sana na lile gome la mti la Waganda, lubugo, kulirudisha kwenye heshima. Nairobi kuna Peterson Kamwathi naye kachonga mbao za nguvu. Tuko ndani muda mrefu.

mwalimu_wa_stadi:
Habari za jioni wadau. Mimi nafundisha shule ya msingi, zamani tukiita stadi za kazi. Kila mwaka nafanya chapa na watoto kwa bamia na viazi. Unakata bamia kipande unachovya kwenye rangi unagonga kwenye karatasi, linatoka ua. Mwaka juzi mtoto mmoja wa darasa la tatu akaacha bamia, akachovya KIWIKO chake akagonga. Nikamkaripia. Akaniuliza, mwalimu kwani hii siyo chapa? Nikakosa jibu, nikamwambia akanawe.

Nimesoma huu uzi nikamkumbuka. Kwa hiyo naomba kuelimishwa, mpaka uko wapi?

wino_mweusi:
Mwalimu huyo mtoto mpe zawadi kabla mwaka haujaisha.

Kuhusu mpaka, ngoja nitoe mifano miwili ya watu waliousukuma kabla ya Mutu. 1953 New York, Robert Rauschenberg aligundisha karatasi 20 zikawa mkanda mrefu kama mita sita na nusu na ushee, akautandika barabarani nje ya studio, akamwita rafiki yake John Cage, yule mtunzi wa muziki, aje na gari lake la Ford Model A. Akapaka rangi tairi, Cage akaendesha taratibu juu ya karatasi. Basi. Mstari mmoja wa tairi kutoka mwanzo hadi mwisho. Hiyo leo iko makumbusho ya San Francisco. Sasa niambieni, pleti ni tairi? Mashine ni gari? Mchapaji ni dereva? Kwa kipimo cha Skrini hiyo IMEPITA, kuna kitu kina umbo, kimepakwa wino, kimekandamiza, picha imehama. Kiwiko cha mtoto nacho kimepita.

Wa pili ni Mjerumani, Thomas Kilpper. Mwaka 2000 alipewa nafasi London kwenye jengo moja, Orbit House, lililokuwa linasubiri kubomolewa. Ghorofa moja sakafu yake ilikuwa ya vipande vya mbao. Akaichonga SAKAFU. Mita za mraba 400. Akachonga sura za watu na historia ya mahali hapo, maana zamani palikuwa na kanisa na baadae ukumbi wa ngumi, kisha akapaka wino akachapa juu ya kitambaa, akatundika nje ya jengo. Jengo likaondoka, yaani pleti ikabomolewa na matingatinga. Skrini hapo ubao umekwanguliwa kwelikweli. Miaka tisa baadae akafanya kama hiyo Berlin, kwenye ofisi za zamani za usalama wa taifa wa Ujerumani Mashariki, safari hii sakafu ilikuwa ya lino. Na kumbuka lino yenyewe ilianza maisha kama zulia la sakafu, wasanii ndo walilichukua wakalipeleka mezani. Jamaa kalirudisha nyumbani.

Kwa hiyo hao wawili wamesukuma ukubwa na chombo. Ila bado kanuni ni ileile, kitu kinagandamizwa. Mutu kasukuma upande mwingine na ndo maana nimekosa usingizi.

Kiti_cha_mbele:
Chai imeisha naongeza

skrini_kkoo:
Ya sakafu nimeikubali aisee. Mita 400! Sijui wino alinunua pipa ngapi. Haya endelea, upande mwingine upi?

wino_mweusi:
Ngoja nijaribu, nikiyumba mnishike.

Wewe ulisema kwenye hiyo kazi ya 2006 hakuna ubao. Mimi nimetazama tena na tena na naona ubao upo, ila siyo wa kwake. Ile michoro ya kizazi kwenye vitabu vya daktari nayo ILIKUWA chapa. Hakuna aliyechora kila kitabu kwa mkono, kuna mtu alichonga au alichora kwenye jiwe au pleti ikachapwa ikasambaa kwenye maktaba na vyuo. Kwa hiyo mwili wa mwanamke, bila kichwa kama nesi alivyosema, ulisambazwa kwa chapa. Daktari aliyesomea jiji hili na daktari aliyesomea jiji lile walikuwa na kizazi kilekile kichwani kwa sababu kilitoka kwenye pleti moja. Nguvu ya chapa ni hiyo, inarudia mpaka watu wanadhani ndo ukweli. Sisi wa kiwandani tunalijua hili, kosa la herufi kwenye nakala moja ni kosa, kwenye nakala elfu kumi ni tahajia mpya.

Sasa huyu dada angeweza kuchora picha yake mwenyewe ya kupinga. Hakufanya. Kachukua chapa ileile ya daktari, kaibandika uso juu, kisha kairudisha KWENYE MASHINE ikazaliwa tena nakala 25, safari hii ina macho. Kama ni kulijibu jambo lililosambazwa kwa chapa basi jibu nalo lazima lisambae, lisibaki moja ukutani kwa tajiri. Ndo maana mimi nakataa kwamba ile kolaji ya kwanza ndo kazi halisi na hizi za 2006 ni fotokopi. Naona ni kinyume. Kolaji ilikuwa rasimu, kazi imekamilika ilipochapwa.

Ila na hapo sijatulia, maana nakala 25 siyo kusambaa, 25 ni harusi ya familia ndogo. Kama angetaka kweli kushindana na kitabu cha daktari angechapa elfu kumi kwenye karatasi ya gazeti. Soko la sanaa haliruhusu. Hiyo ndo kasoro naiona na sitaificha kwa sababu naipenda kazi.

baba_K_Nakuru:
Hiyo ya mwisho ni ukweli. Mimi sijawahi kuiona uso kwa uso, hata wewe najua umeiona kwa simu. Tunabishana juu ya manyoya ambayo hakuna mtu hapa ameyagusa.

wino_mweusi:
Nimeumbuka 😂 ni kweli nimeiona kwa simu na kioo chenyewe kina ufa.

nesi_wa_zamu:
Sasa hapo ndo nacheka. Kwahiyo kwa simu ya wino_mweusi zimerudi bapa, manyoya hayapo, kufuli limefunguka, na zimesambaa zaidi ya hizo 25. Kwenye kundi letu la wasap la manesi nimezituma jana, tuko 180. Mmoja kaandika "huyu ni mgonjwa wangu wa Alhamisi." Kwa namna hiyo si zimepata zile elfu kumi ulizotaka?

mwalimu_wa_stadi:
Dada nesi umefunga mjadala.

skrini_kkoo:
Haujafungwa bado, mi nina langu la mwisho na siyo la kubishana.

Nimesoma hayo ya chapa juu ya chapa nikainuka nikaenda stoo. Kila fundi wa skrini ana kitambaa cha kujaribia. Ukiweka skrini mpya haupigi moja kwa moja kwenye fulana ya mteja, unapiga kwanza kwenye kitambaa uone wino umekaa, rejista imekaa (rangi zimelingana mahali pake), hakuna tundu. Changu ni shuka la zamani, nimeanza nalo nilipofungua kibanda, halijawahi kufuliwa, limekuwa gumu kama turubai. Nimelitandika chini sasa hivi naliangalia.

Kuna nembo ya shule juu ya uso wa mgombea wa 2015. Huyo mgombea kwenye shavu lake kuna maandishi ya send-off ya bibi harusi fulani. Bibi harusi kapigwa juu yake na nembo ya timu ya mtaa, halafu juu ya timu kuna R.I.P. ya mzee mmoja, fulana za msiba tulichapa usiku kucha, na kwenye jicho la mzee kuna kona ya tangazo la simu. Chini kabisa rangi ya kwanza siikumbuki ni ya nani, inaonekana kijani tu kama kivuli. Miaka 14 yote imelala hapo na hakuna hata moja niliyoipanga.

Sijabandika manyoya. Ila kuna nywele zangu na nzi wawili waliokauka ndani ya wino mwekundu.

wino_mweusi:
SKRINI. Usilifue. Usilikunje. Kesho asubuhi nakuja Kariakoo na kamera.

skrini_kkoo:
Wahi mkuu. Mama watoto keshaniuliza mara mbili kama hilo shuka naweza kumpa akatie dekio, na mara ya pili alikuwa tayari ameshika mkasi.

Kiti_cha_mbele:
Toa bei skrini, nalichukua mimi

skrini_kkoo:
Nakala ni moja tu. Namba ya kuandika chini nimekosa pa kuiweka, hakuna sehemu iliyobaki wazi.